Mitamba Watano kwa Brauza Tano

Prosper Burito aliingia mgahawa wa karibu na stendi ya Bunda akiwa na njaa ya ugali, akatoka na njaa ya ng'ombe.

Ugali ulikuwa wa muhogo, na sato alilala sahanini mkia umejikunja. Prosper alikuwa anajiandaa kumvamia mashavuni, palipo na utamu wote, aliposikia mzee wa meza ya pili anagombana na simu yake.

"Kwa Hilda! Kila mgeni kwa Hilda! Eti yeye yuko gugo. Na mimi je? Niko hapa tangu hii barabara ilikuwaga vumbi, lakini hakuna mzungu ananijua!"

Huyo alikuwa Mzee Mugeta, mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili. Watalii waliotoka Serengeti walipita mlangoni kwake, wakampungia mkono kwa adabu, wakaenda kulala kwa Hilda, hatua mia mbili mbele. Hilda alikuwa na tovuti. Mzee Mugeta alikuwa na kibao kilichoandikwa KARIBU GEST, ile herufi ya mwisho ikiwa imeliwa na mchwa.

Kwa mtu mwingine hayo yalikuwa malalamiko ya mzee. Kwa Prosper ulikuwa mlango, na mwenyewe kauacha wazi. Akanawa mikono, akavuta kiti.

"Shikamoo, mzee. Samahani kuingilia. Mimi ni injinia wa tovuti."

Tumjue kidogo injinia huyu. Alizaliwa Mukendo, Musoma mjini, na hapo hapo alikodi meza moja ndani ya duka la fotokopi, juu yake akabandika karatasi: INJINIA WA MITANDAO YOTE. Aliwahi kumuuzia mwalimu mstaafu dawa ya virusi vya kompyuta ndani ya CD tupu, akamwelekeza aiweke kutwa mara tatu, baada ya chakula. Mwalimu alipona, maana kompyuta yake haikuwa na virusi. Mdomo wa Prosper ungeweza kumuuzia samaki maji.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye mdomo huo haukumfaa kitu: Werema wa Murangi, baba yake Happyness. Prosper alimpenda Happyness bila ujanja wowote, jambo lililomshangaza hata mwenyewe. Alipokwenda kuposa na bahasha nono, Werema aliisukuma bahasha ile kwa kidole kimoja kama mtu anayesukuma mjusi.

"Pesa haizai," alisema. "Lete mitamba watano. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo wangu utakaa. Usipokuja nao, kuna mwenzio wa Majita ameshauliza njia."

Prosper, mtoto wa lami, alikuwa hajawahi kushika hata kamba ya mbuzi. Wiki mbili alikuwa akitembea na hao mitamba kichwani. Kwa hiyo Mzee Mugeta alipouliza tovuti inalipiwa nini, kisha akaongeza, "Mimi sitoagi pesa kwa kitu cha hewani, labda ng'ombe, ziko nyingi kule kwetu Butiama," moyo wa Prosper uliruka kama samaki furu kwenye ndoo.

"Mzee," alisema taratibu, akijizuia asicheke, "kwa heshima yako, mtamba mmoja."

Wakashikana mikono.

Tovuti aliijenga kwa siku tatu, kwa maarifa ya kuokoteza. Kila kitu alikipimia kwenye laptop yake: picha ya tembo hapa, bei za vyumba pale, neno KARIBU katikati kwa herufi za dhahabu. Kwenye laptop hiyo ilipendeza kama bibi harusi. Mzee Mugeta aliitazama, akatokwa na chozi, akaita wapishi waje kuona. Kisha akafanya kosa la kuifungua kwenye simu yake.

Tembo alikuwa amekalia bei za vyumba. KARIBU ilisimama wima, herufi moja chini ya nyingine, kama watu wanaopanga foleni ya maji. Namba ya simu ya gesti ilitokezea nusu, nusu nyingine imezama nje ya kioo.

"Injinia. Hii ni nini?"

Mtu mwaminifu angeona aibu. Prosper aliona mtamba wa pili.

"Mzee, hapa ndipo watu wengi hawajui. Tovuti inafunguliwa na brauza, ule mlango wa kuingilia mtandaoni. Na brauza ziko kama makabila yetu ya Mara. Mkurya ana lugha yake, Mzanaki yake, Mjita yake. Laptop yangu ni ya Chrome, simu yako ni ya Opera. Tovuti yako inaongea Kikromu tu. Sasa Mwopera akisalimiwa Kikromu, ataitikia nini?"

Mzee alitikisa kichwa. Jambo la lugha alilielewa. "Dawa yake?"

"Mkalimani. Kila brauza na mkalimani wake."

"Na huyo mkalimani anakula?"

"Ana tumbo, mzee."

"Mtamba?"

Prosper alitazama chini kama mtu anayeonewa. "Mmoja mmoja."

"Brauza ziko ngapi?"

Ndipo Prosper akaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa wasiwasi wa mtu ambaye mahari yake imefungwa kwenye idadi ya brauza za dunia. Chrome. Opera. Firefox. Safari ya wenye simu zenye nembo ya tofaa. Nne! Jasho likamtoka. Ukoo mzima wa Werema ulikuwa unamtazama kutoka Murangi. Ndipo akaikumbuka Edge, ile inayokuja na kompyuta mpya, ambayo watu huifungua mara moja tu ili wapakue brauza nyingine. Mungu amjalie aliyeitengeneza.

"Tano, mzee. Tano kamili."

Mzee Mugeta akapiga hesabu zake. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamepata mng'aro usio mzuri.

"Sawa, watano. Lakini kwa watano hao, utaifanya na ya Hilda ivunjike. Tembo amkalie na yeye."

"Hiyo nakupa bure," Prosper alisema, maana ahadi haina mzigo.

"Na mtamba hatoki zizini mpaka nione kwa macho yangu. Ijumaa ijayo naweka brauza zote tano hapa kaunta. Zikisema vizuri zote, unachukua ng'ombe. Ikigoma moja tu, unachukua njia."

Hapo Prosper alinaswa. Kwa mara ya kwanza katika kazi zake, alitakiwa kuleta kitu kinachofanya kazi.

Alirudi Mukendo akahangaika siku mbili. Akirekebisha tembo Chrome, anaharibika Firefox. Akimbembeleza Firefox, KARIBU inadondoka Opera. Mwisho akafungua tovuti ya Hilda kwa hasira tu. Ikafunguka Chrome. Ikafunguka Opera. Aliazima hata simu ya mwenye duka la fotokopi, yenye ufa katikati, na humo nayo ikakaa sawa, imejipanga kwa adabu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Imetengenezwa na Jeska, Butiama. Na namba ya simu.

Jeska alikuwa na kijiduka cha kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti, kompyuta mbili na feni moja. Alikuwa dada mwembamba wa maneno machache. Prosper alimweleza kwa sauti ya msibani kwamba mteja wake ni mzee maskini, mgane, gesti yake ina popo wengi kuliko wageni.

"Hana kitu, dada yangu. Ila ameapa atakutolea mbuzi. Nitamleta mwenyewe kwa mkono huu."

"Mbuzi mmoja?"

"Mwenye afya."

Jeska alikubali. Akafungua kazi ya Prosper, akasoma kidogo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kaka, umeweka jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali. Hii siyo tovuti, ni gereza." Akaipitisha kwenye kikaguzi cha mtandaoni, nacho kikatoa orodha nyekundu ya makosa mia mbili na kumi na mawili. "Mengine hata kikaguzi hakijayapa jina."

"Si ndiyo maana kila brauza inataka kazi yake?" Prosper aliuliza, maana uongo wake mwenyewe alikuwa ameanza kuuamini.

"Nani kakudanganya? Brauza zote zimekubaliana sheria zile zile. Zinaitwa viwango. HTML inasema hiki ni nini: hiki kichwa cha habari, hii picha, hizi bei. CSS inasema kikae wapi, kivae rangi gani. Usiseme picha iwe na upana wa laptop yako. Sema iwe na upana wa nafasi iliyopo. Ukifuata sheria, unaandika mara moja, zinasoma zote. Pakiwa na brauza ya zamani isiyojua jambo jipya, unaiachia njia ya kawaida ipite. Haipambwi sana, lakini haianguki."

Alifanya kazi siku mbili. Siku ya pili alishika ukingo wa dirisha kwenye kioo, akalivuta likawa jembamba kama simu. Safu tatu za vyumba zikawa mbili, kisha moja, tembo akapungua na kusogea pembeni bila kumkanyaga mtu. Akalipanua, vyote vikarudi mahali pake. Prosper alisogeza kiti karibu na kioo. Kifuani kilimpita kitu ambacho hakukizoea, kati ya wivu na heshima. Karibu aseme ukweli. Lakini alikumbuka mitamba, hisia ile ikapita.

"Nzuri," alisema. "Mbuzi wako yuko njiani."

Ijumaa Mzee Mugeta alipanga majeshi kaunta: simu yake ya Opera, kompyuta ya mapokezi yenye Firefox, simu ya mpishi yenye Chrome, laptop ya mpwa wake yenye Edge, na simu ya mtalii Mjerumani aliyesimamishwa barabarani akielekea kwa Hilda, akapewa soda ili aazimishe Safari yake. Moja baada ya nyingine, gesti ilifunguka. Tembo katulia. Bei zinasomeka. Wapishi walipiga makofi. Mjerumani aliona bei, akauliza kama kuna chumba, akalala hapo hapo.

Mzee alimkumbatia Prosper. Kisha akamnong'oneza, "Na ya Hilda?"

Wakaifungua. Ilikuwa nzima, inang'aa.

"Uharibifu wa mtandaoni ni kama mchwa, mzee," Prosper alisema bila kupepesa. "Leo huuoni. Siku moja unaegemea ukuta."

Mzee, akikikumbuka kibao chake, aliridhika. Akaandika karatasi ya makabidhiano ya mitamba watano, akaisaini.

Jumatatu Prosper alifika Butiama na viatu vyake vilivyochongoka. Mchungaji wa Mzee Mugeta alimkabidhi mitamba watano na kamba tano, akamwacha nao. Mmoja akaanza kula karatasi mfukoni mwake. Watu kumi na tano waliokuwa wakitazama waliwahurumia ng'ombe.

"Nitawafikishaje Murangi?" Prosper aliuliza.

"Mwone Mzee Kwangu, dalali," mchungaji alisema. "Ng'ombe zote za huku zinapitiaga mikono yake."

Mzee Kwangu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya padri. Aliwakagua mitamba, akawasifia, kisha akamtazama Prosper kwa huruma.

"Una kibali?"

"Kibali gani?"

"Eh! Ng'ombe haisafiri bila kibali, kijana. Wanakamata."

"Basi niende ofisini nikaombe."

"Na viatu hivyo? Watakuuliza ng'ombe umezipata wapi. Una maelezo?"

Prosper alifikiria maelezo yake, yenye wakalimani na makabila ya brauza, akaona hayafai kusemwa mbele ya serikali. "Nisaidie wewe, mzee wangu."

"Kuna mtu wangu atashughulikia. Lakini anakula. Niachie mmoja."

Mmoja kwa wanne, bado ni biashara, Prosper alijipoza. Pengo la huyo mmoja angelijaza kwa maneno mbele ya Werema. Akaacha kamba.

Jumanne Kwangu alirudi anatabasamu. "Cha kutoka zizini tumepata. Sasa bado cha kupita barabarani."

"Si ni kibali kile kile?"

"Mwanangu! Zizi ni zizi, barabara ni barabara. Zina lugha moja?"

Jumatano kikaja cha kutoka wilaya hii, Alhamisi cha kuingia wilaya ya pili. Kila siku Prosper alikataa, na kila siku Kwangu alimkumbusha kwa upole kwamba waliotangulia wameshakwenda, akiishia njiani ni hasara tupu. Ukoo unakaa Jumamosi. Mwerevu wetu, aliyeweza kuuza dawa ndani ya CD tupu, aliachia kamba ya nne akasema asante. Daktari wa meno naye huoza jino.

Ijumaa asubuhi alibaki na mtamba mmoja, yule mla karatasi. "Sasa nenda ofisini mwenyewe," Kwangu alisema. "Mambo yote yameiva. Utachukua tu."

Ofisini mama mmoja wa mifugo alimtazama, akaitazama karatasi ya Mzee Mugeta, kipande kilichosalia. Hakuwa amesikia habari za mtu yeyote aliyeshughulikia chochote. Aliuliza ng'ombe anatoka wapi, anakwenda wapi, akajaza fomu, akagonga muhuri. Dakika kumi.

"Na cha barabarani?" Prosper aliuliza. "Na cha kuingia wilaya ya pili?"

Mama alicheka. "Nani kakudanganya, baba? Kibali ni kimoja. Popote utakaposimamishwa wanasoma hicho hicho."

Prosper alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Aende polisi? Maelezo yangeanzia wapi? Aende kwa Mzee Mugeta? Mungu apishie mbali. Simu yake ikalia. Ujumbe: Kaka Prosper, asante kwa mbuzi. Amefika salama. Naona njiani alikua, amekuwa mitamba wanne. Jeska.

Alipiga simu papo hapo. "Dada, umenifanya nini?"

"Mimi? Mzee Mugeta alituma mchungaji kwa Mjomba Kwangu, amchagulie mitamba watano wa kumlipa injinia wa tovuti. Mjomba akaniuliza, hivi hiyo kazi si uliifanya wewe kwa mbuzi?"

"Kwangu ni mjomba wako?"

"Wa tumbo moja na mama."

Prosper alifungua mdomo, ule mdomo uliomuuzia mwalimu dawa, akakuta umekwisha.

Jumamosi alifika Murangi na mtamba mmoja, viatu vimepasuka ubavuni. Ukoo ulikuwa umekaa. Alijiandalia hotuba njia nzima, lakini alipomwona Happyness amesimama mlangoni, amejifunga kitenge kipya, hotuba ikamwishia.

"Baba," alimwambia Werema, "nilikuwa na watano. Niliwapata kwa ujanja, wakaondoka kwa ujanja. Huyu ndiye aliyebaki. Nimekuja naye ili usiseme sikuja."

Wazee walitazamana. Pale mlangoni Happyness aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Katika miaka miwili hakuwahi kumsikia Prosper akimaliza sentensi tatu bila kumuuzia mtu kitu.

Werema alimkagua mtamba meno, miguu, kiwele. Akamkagua Prosper hivyo hivyo, karibu afunue na meno.

"Huyu tunampokea," alisema mwishowe. "Wa Majita nitamwambia asubiri kidogo. Wanne walete mmoja kila mwaka, na uwalete kwa kazi. Nikisikia ujanja, unarudi na huyu na kamba yake."

Jioni ile Prosper alimpigia tena Jeska. Hakupiga kwa hasira. Alikuwa amepata wazo, na safari hii lilikuwa halali, kwa hiyo alilitoa kwa aibu kidogo.

"Dada, wewe unajua kuandika, lakini wateja huna. Mimi sijui kuandika, lakini mdomo ninao. Nikutafutie kazi."

"Utawaambia ukweli?"

"Nitajaribu."

Jeska akataja masharti. "Kila gesti, kila duka, bei moja, brauza zote. Malipo yako mtamba mmoja kwa mwaka."

Miaka minne! Yakobo alimtumikia Labani saba, Prosper alijifariji, na hakuwa na mtandao.

"Mitamba wenyewe wako wapi kwa sasa?"

"Wako kwa Kwangu."

"Na katika miaka hiyo minne watazaa. Ndama watakuwa wa nani?"

"Wa kwangu."

"Wa Mzee Kwangu?"

"Hapana, kaka," Jeska alisema, na kwa mara ya kwanza Prosper alimsikia akicheka. "Wa kwangu mimi."